Mbuzi wa Kwenye Gunia Arudishwe



Ipo sentensi moja ambayo kila mwenye simu hapa Uganda amekwisha kuisoma, ama kwa Kiingereza kwenye stakabadhi za Kampala, ama kwa Kiswahili akivuka mpaka kwenda Tanzania: Mali ikishauzwa hairudishwi. Imebandikwa kwenye kuta za maduka, imepigwa mhuri kwenye karatasi za mauzo, na sasa imehamia kwenye kurasa za wauzaji wa mtandaoni, chini ya picha za viatu na magauni. Tumeisoma mara nyingi hata tumeidhania kuwa ni sheria ya nchi. Si sheria. Kwa muuzaji wa mtandaoni, sentensi hiyo inapingana na sheria iliyotungwa na Bunge letu zaidi ya miaka kumi iliyopita, nami nakusudia kuishambulia, nikianzia pale ninapopajua vyema zaidi, yaani kwenye sarufi.

Tukichambue kitenzi hairudishwi. Mzizi wake ni rudi. Kiambishi -sh- ni cha kutendesha, -w- ni cha kutendwa, ha- ya mwanzoni na -i ya mwishoni ni za ukanushi, na ile i- inayofuata ha- inasimama badala ya mali. Viambishi vyote vimetimia, ila mtendaji hayumo. Nani asiyeirudisha mali hiyo? Nani aliyeamua isirudishwe? Sentensi haisemi. Inazungumza kama vile kutorudi ni tabia ya mali yenyewe, kama maji yasivyopanda mlima. Kauli ya kutendwa ina kazi zake njema katika lugha, lakini pia ni maficho mazuri ya mtu asiyetaka kutajwa. Mrudisheni mtendaji mahali pake na sentensi itasomeka hivi: Mimi muuzaji nimeamua kwamba nikishapokea fedha zako sitakurudishia hata ukitaka kunirudishia mali yangu. Hakuna muuzaji atakayethubutu kuibandika hiyo ukutani.

Na kitenzi rudi chenyewe kina utajiri ambao wanafunzi wangu huufurahia. Nguo iliyofuliwa ikapungua, Waswahili husema imerudi. Mzazi anayemwadhibu mwanawe ili ajirekebishe, husemwa anamrudi. Basi fulana iliyonunuliwa mtandaoni hairudishwi kwa muuzaji, lakini ifue mara moja tu, itarudi yenyewe. Na muuzaji naye hana wa kumrudi.

Tuiache sarufi, tuje kwenye sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 ina sehemu nzima inayomlinda mlaji. Inampa mtu aliyenunua bidhaa kwa njia ya kielektroniki siku saba, tangu siku aliyoipokea, za kuuvunja ununuzi huo. Si lazima bidhaa iwe mbovu. Kwa bidhaa mbovu, au isiyolingana na maelezo yaliyotolewa, ipo sheria nyingine ya mwaka 2017 inayohusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma. Siku saba ninazozizungumzia hapa ni za mtu ambaye bidhaa imemfikia ikiwa nzima, naye akaona haimfai. Gharama anayoweza kutozwa ni ile ya kuirudisha bidhaa, wala hakuna faini juu yake. Sheria hiyohiyo inasema kwamba sharti lolote la mapatano linalomnyima mlaji haki hizi ni batili. Kwa hiyo muuzaji anayeandika kwamba mali haitarudishwa hajajikinga na chochote. Ameandika maneno yasiyo na nguvu, akitumaini kwamba msomaji wake hatajua.

Nimewasikia watu wazima, wenye elimu zao, wakisema kwamba haki hiyo ni deko. Mtu mzima, wanasema, anunue anachokitaka, na akikosea abebe kosa lake. Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau biashara ya mtandaoni ingefanana na biashara ya sokoni. Haifanani. Mwende soko la Owino mtazame mama anavyonunua gauni la mtumba. Hulivuta kuona kama mshono unashika, hulipindua ndani nje, huliinua kwenye mwanga kutafuta matundu, huliweka mabegani, humwuliza jirani, hutaja bei, huondoka hatua tatu, hurudi. Kazi yote hiyo huifanya kabla ya kulipa. Anayenunua kwa simu haruhusiwi hata moja kati ya hayo. Anaiona picha, tena picha iliyopigwa chini ya taa nzuri, aghalabu si ya bidhaa ileile atakayoletewa. Wazee wetu waliuita ununuzi wa namna hii kuuziwa mbuzi kwenye gunia: unasikia analia, lakini hujui kama ni beberu au ni mgonjwa. Sheria haikumkataza muuzaji kumtia mbuzi guniani. Ilichofanya ni kumpa mnunuzi siku saba za kulifungua gunia hilo nyumbani kwake. Siku saba ni ule mkono wa mama wa Owino, uliocheleweshwa kidogo kwa sababu ya umbali.

Hapa ndipo wengi humalizia makala zao: haki ipo, idai. Mimi naona hapa ndipo matatizo yanapoanza.

Mwalimu mwenzangu aliagiza kabati la nguo la kitambaa, lile la kuunganisha kwa vyuma vyembamba. Likafika kwa basi, zima, la rangi aliyoichagua. Alipoliunganisha akaona limeziba mlango wa chumba chake cha kupanga. Picha ilikuwa imepigwa katika sebule pana. Siku ya pili akamwandikia muuzaji kwa adabu kwamba angependa kulirudisha na kwamba nauli ataitoa mwenyewe. Jibu likaja kwa maneno matatu, mnayajua. Alipoandika tena akiitaja sheria, muuzaji akamfungia kwenye WhatsApp. Basi tukakaa katika chumba cha walimu, kabati likiwa limekunjwa vizuri kwenye boksi lake, siku tano za kisheria zikiwa zimebaki, tukaulizana: tulipeleke wapi? Ukurasa wa muuzaji ulikuwa na picha zaidi ya mia mbili na namba moja ya simu. Penye anwani paliandikwa Kampala, tunapeleka nchi nzima.

Kampala si anwani. Kampala ni mji wa watu zaidi ya milioni moja na nusu.

Hoja yangu ndiyo hii, nami sitaizungusha: haki ya kurudisha bidhaa ni haki ya kuwa na mahali pa kuirudisha. Muuzaji akiificha anwani yake, siku saba zinageuka mapambo. Mnunuzi ataesabu siku hizo moja baada ya nyingine, mzigo ukiwa mikononi, kama msafiri mwenye tiketi ya basi lisilo na kituo. Sheria iliona mbali katika jambo hili pia, kwani inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki aweke wazi jina lake kamili, mahali alipo, namba ya simu, bei kamili pamoja na gharama za usafirishaji, na utaratibu wake wa kupokea bidhaa zinazorudishwa. Fungueni simu zenu sasa hivi mtafute kurasa tano za wauzaji mnaowafuata. Hesabuni ni wangapi wameweka mahali walipo. Nasubiri.

Kuna wakati nchi hii ilikuwa na njia moja inayojulikana ya kupeleka kifurushi na kupata ushahidi wa kukipeleka, nayo ni posta. Vijana wengi hawajawahi kuingia ndani ya ofisi ya posta, isipokuwa wamepita mbele yake. Waganda wengi hatuletewi barua mlangoni. Tunatumia sanduku la posta, mara nyingi la shule, la kanisa au la mwajiri. Kwa hiyo biashara ya mtandaoni ilipokuja ilijijengea njia zake: boda boda ndani ya mji, basi kati ya miji. Njia hizo ni za haraka na watu wake ni hodari. Lakini zilijengwa kwa safari ya kwenda tu. Ukipeleka kifurushi kwenye ofisi ya basi utaandikiwa jina na simu ya mpokeaji, na mpokeaji asipokuja kukichukua kitakaa pale kikipigwa vumbi. Muuzaji atasema hakupokea kitu, naye atakuwa anasema kweli. Posta bado ina faida ambayo basi halina. Kifurushi cha rejista kinakupa stakabadhi yenye namba na mhuri wenye tarehe. Siku mabishano yatakapofika mbele ya mtu wa tatu, ule mhuri wa tarehe utasema maneno mengi kuliko mazungumzo yote ya WhatsApp. Lakini hata posta haiwezi kupeleka kifurushi kwa mtu anayeitwa Kampala.

Gharama nayo ni jambo la kutazamwa, ingawa si kwa ukali uleule. Mnunuzi aliye Arua au Kisoro husafirishia mzigo wake kilomita mia nne na zaidi. Tuseme amenunua viatu vya shilingi 40,000 na kuvirudisha kunamgharimu 10,000: robo ya bei imekwenda kwa sababu tu mguu wake haukupatana na picha. Ujerumani, hadi kabla ya Juni 2014, kwa bidhaa ya zaidi ya euro 40 muuzaji ndiye aliyebeba gharama ya kuirudisha. Baadaye kanuni mpya za Umoja wa Ulaya zikaruhusu mzigo huo uwekwe juu ya mnunuzi. Mimi sioni ubaya mnunuzi aliyebadili nia kulipa nauli ya kubadili nia kwake. Ninachokionea wivu katika kanuni hizo za Ulaya ni kitu kingine. Zinampa mnunuzi siku 14, na endapo muuzaji hakumjulisha kwamba anayo haki hiyo, muda unarefushwa kwa miezi 12. Hapo kunyamaza kwa muuzaji kunamgharimu muuzaji mwenyewe. Kwetu kunyamaza ni mtaji.

Wala tusidhani kwamba kila nchi tajiri ina sheria kama hizo. Marekani haina sheria ya taifa zima inayomlazimisha muuzaji wa mtandaoni kuipokea bidhaa isiyo na kasoro, na hata hivyo wauzaji wakubwa huko hupokea, kwa sababu wamegundua kwamba mtu anayejua anaweza kurudisha hununua bila woga. Wauzaji wetu wanaolalamika kwamba Waganda hawaamini biashara ya mtandaoni wangeanza kwa kujiuliza woga huo umetoka wapi.

Sasa niwatendee haki wauzaji, maana najua baadhi ya wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanauza vikuku na mafuta ya nywele kwa simu wakati wa likizo, nao wamekwisha kuanza kukasirika. Watasema: mwalimu, mimi sina duka, nauza nikiwa chumbani kwa mama, unataka niwaelekeze watu nisiowajua mpaka kitandani kwangu? Sitaki. Binti anayeuza peke yake ana sababu ya kuogopa wageni. Lakini mahali pa kupokelea mzigo si lazima pawe mahali pa kulala. Sanduku la posta hukodishwa. Duka la mjomba linaweza kukubali kupokea vifurushi, na ofisi ya basi unayoitumia kila wiki kupeleka mizigo inaweza pia kukupokelea, ilimradi umeandika waziwazi kwamba utakwenda kuichukua. Muuzaji aliyefanya lolote kati ya hayo mnunuzi ana pa kumpatia. Asiyefanya hata moja kwa makusudi hamwogopi mgeni, anamwogopa mteja.

Watasema tena: wapo wanunuzi walaghai, wanaovaa gauni kwenye harusi Jumamosi na kulirudisha Jumatatu likinuka moshi wa kuku wa kuchoma. Wapo, ni kweli. Huyo aambiwe hapana, na aibu iwe yake, kwa maana kulirudisha gauni lililokwisha kuvaliwa harusini ni wizi wa kuazima. Lakini kosa la mvaaji huyo halimpi muuzaji ruhusa ya kumfungia mlango mtu ambaye boksi lake halijaguswa. Kwa mantiki hiyo tungefunga shule zote kwa sababu wapo wanaoiba mitihani.

Kuna desturi moja zaidi inayonikera, nayo imeenea hata kwa wauzaji wanaojiita waaminifu. Mwenye boda boda anafika langoni na mzigo uliofungwa kwa utepe kuanzia juu hadi chini. Unataka kuufungua. Anakwambia: lipa kwanza, ndipo ufungue, mimi nimetumwa tu, nina mizigo mingine sita. Anasema kweli, ametumwa, na hasira yako haimstahili. Lakini tazameni jinsi mpango ulivyopangwa: anayefahamu bidhaa hayupo, aliyepo hafahamu chochote, na fedha zinahama katikati yao kwa sekunde kumi. Pikipiki ikishaondoka, umebaki na gunia, na mbuzi bado yumo ndani.

Je, muuzaji akikataa kabisa? Mahakama za mahakimu nchini zina utaratibu wa madai madogo, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na mtu hujisimamia mwenyewe bila wakili. Ni utaratibu mzuri usiojulikana vya kutosha, nami nimewahi kuutaja darasani nikaona macho yakishangaa. Lakini mdai hutakiwa kumfikishia mdaiwa taarifa ya madai. Aipeleke wapi? Mnaona jinsi tulivyorudi palepale. Asiye na anwani amejiondoa sokoni na mahakamani kwa mara moja, huku akiendelea kupokea fedha zetu kwa simu. Kampuni za simu zinamjua, kwa kuwa namba yake imesajiliwa. Serikali nayo inaweza kumjua. Mteja aliyemlipa ndiye pekee asiyemjua, na hali hii haitabadilika mpaka wale waliopewa kazi ya kusimamia sheria ya 2011 wapite kwenye kurasa hizo wenyewe na kuwauliza wauzaji swali moja tu: uko wapi?

Kwa wale walio ndani ya siku saba hivi sasa, huu hapa mfano wa taarifa. Ni Kiswahili cha kawaida cha barua rasmi. Ubadilisheni kulingana na mzigo wenu, na mwenzenu asiyejua Kiswahili mfasirieni.

Ndugu muuzaji,
Tarehe 3 mwezi huu nilipokea kutoka kwako kabati la nguo nililoliagiza kupitia ukurasa wako na kulilipia kwa simu. Ninakujulisha kwamba ninauvunja ununuzi huo ndani ya siku saba tangu nilipolipokea, kwa haki ninayopewa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011. Kabati halijatumika na limo katika boksi lake. Ninaomba uniandikie anwani ya kulirudishia. Gharama ya kulituma nitailipa mimi. Fedha zangu uzirudishe kwenye namba ileile niliyolipia.
Wako mwaminifu,

Hapo chini jina lako kamili na tarehe. Piga picha ya ujumbe huo pamoja na saa uliyoutuma, na picha ya mzigo kabla hujaufunga upya.

Na sasa kazi ya nyumbani, hata kwa wasio na cha kurudisha. Kila mmoja wenu achague muuzaji mmoja wa mtandaoni, kabla ya kununua chochote kwake, amwulize kwa Kiswahili sanifu na kwa heshima: Mzigo ukifika nisiutake, niurudishe wapi? Leteni majibu darasani Jumatatu. Waliofungiwa pia walete. Watuonyeshe tu ujumbe wao ulipoishia.